Tulishika Jembe, Tukaacha Daftari

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo ambayo mwandishi wetu aliyatoa mjini Korogwe mbele ya walimu na watumishi wa Serikali kutoka Korogwe na Handeni, juu ya vijana na biashara ndogo ndogo.

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu walimu na ndugu watumishi wa Serikali,

Barua iliyonialika hapa ilinitaka nizungumze juu ya kuwahimiza vijana walio chini ya miaka ishirini waanzishe biashara zao ndogo ndogo. Niliisoma mara mbili kabla ya kuondoka Dar es Salaam, nikaandika ukurasa mmoja na nusu wa maneno ya kuhimiza. Karatasi hiyo niliikunja nikaitia mfukoni basi letu lilipofika Mkata. Hata utingo hajafungua mlango vyema, madirisha ya upande mmoja yalikuwa yamekwisha kuzungukwa na mabeseni ya machungwa, ndoo za mayai ya kuchemsha, vifuko vya korosho na chupa za maji. Wengi wa waliobeba vitu hivyo walikuwa na umri wa wanafunzi wenu. Ikawa hivyo hivyo Segera, na ikawa hivyo tena hapa Korogwe. Mtoto anayeweza kukimbia sambamba na basi linaloondoka, akapokea noti ya shilingi elfu tano dirishani, akarudisha chenji bila kukosea na bila kuangusha chungwa hata moja, hana haja ya mgeni kutoka mjini kuja kumwambia kwamba kazi ni uhai.

Kwa hiyo nimeona niigeuze mada. Vijana wa Handeni na Korogwe wamekwisha kuanza. Swali ni kwa nini wengi wao wanaanza leo, na baada ya miezi mitatu wamerudi pale pale mikono mitupu, na mwingine amekwisha kuiacha na shule. Sehemu kubwa ya jibu la swali hilo, ndugu zangu, imekaa humu ukumbini.

Tuchukue mfano wa kijana wa mayai. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu, kila mmoja wenu anaweza kuzibadili zifuate soko la kwao. Kijana huyu amenunua trei moja la mayai thelathini kwa shilingi 9,000. Mkaa wa kuchemshia 1,200. Chumvi, pilipili na karatasi za kufungia 600. Ushuru wa stendi 500. Jumla ametoa shilingi 11,300. Mayai mawili yamepasuka sufuriani, moja amelila mwenyewe kwa sababu ametoka nyumbani na njaa. Yaliyobaki ishirini na saba ameyauza kwa shilingi 500 kila moja, amepata 13,500. Ukimuuliza jioni amepata faida gani, atakujibu upesi: shilingi 4,500. Anahesabu bei ya trei peke yake, na vingine vyote vimekwisha kumtoka akilini. Faida yake ya kweli ni shilingi 2,200.

Sasa anafika nyumbani. Mama yake hana unga. Mtoto mwema, anatoa shilingi 4,000 katika ile faida anayodhani anayo, naye anajiona bado ana 500 za ziada. Amebaki na 9,500. Asubuhi aliondoka na 11,300. Maana yake mtaji wake umepungua kwa shilingi 1,800 siku hiyo hiyo aliyoamini kwamba amefaidi. Kesho atakopa mkaa. Keshokutwa atanunua nusu trei. Wiki ijayo mtamwona amekaa chini ya mwembe akisema biashara ya mayai ina mkosi, au jirani amemfanyia mambo.

Hakuna mkosi. Ni hesabu ya kutoa na kujumlisha, hesabu ambayo mtoto huyo aliisoma darasani na akaifanyia mtihani. Alifundishwa kuitumia kwa maembe ya Juma na Asha ya kwenye kitabu. Hakufundishwa kuitumia kwa mayai yake mwenyewe. Na kumnyima mama unga si dawa. Dawa ni mtoto na mama wajue, wote wawili, kwamba ndani ya ile bahasha kuna fedha za aina mbili: zilizo za nyumba, na zilizo za trei la kesho. Mama wa Kizigua anayejua kutunza mbegu ya mahindi darini wakati wa njaa hawezi kushindwa kulielewa jambo hilo. Mbegu hailiwi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba katika zile shilingi 13,500 mbegu ni zipi.

Ndugu walimu, nakuja kwenu. Mwezi Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tunaikumbuka siasa ile kwa jembe. Shule iwe na shamba, wanafunzi walime, basi. Lakini kisomeni tena kijitabu kile kwa makini. Mwalimu hakutaka mtoto awe kibarua wa shule. Alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua nini kilimwe na kwa njia gani. Alitaka hesabu ziwekwe sawasawa. Alitaka wanafunzi waone kwa macho yao kwamba wakifanya vizuri maisha ya shule yanakuwa bora, na wakizembea yanadidimia. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likakazia kwamba kazi ni sehemu ya elimu. Sisi tulifanya nini? Tulishika jembe, tukaacha daftari.

Mimi ni mtoto wa shule za miaka ya tisini. Katika shule ya msingi niliyosoma, ambayo sitaitaja wala wilaya yake, tulikuwa na shamba la mahindi. Tulilifyeka, tukalilima, tukalipalilia mara mbili, tukavuna. Siku ya mavuno lilikuja gari moja jeupe, magunia yakapakiwa, gari likaondoka. Idadi ya magunia tuliijua kwa sababu ni sisi tuliyoyabeba migongoni. Yaliuzwa wapi, kwa bei gani, na fedha zilikwenda wapi, hakuna aliyetuambia, na aliyeuliza aliambiwa kwamba ana mdomo mrefu. Mwaka uliofuata nililima kwa kukwepa fimbo tu. Shamba lile likageuka mahali pa kupelekewa waliochelewa namba na waliopiga kelele darasani, yaani kazi ikawa jina jingine la adhabu. Mtoto aliyehitimu somo la namna hiyo miaka saba, halafu leo tumwambie ajiajiri! Sisemi kwamba kila shule ilikuwa hivyo. Nasema tu kwamba katika safari zangu za kazi, kila nilipolisimulia jambo hili mbele ya watu wa rika langu, hakuna aliyeshangaa.

Wenzetu wa Botswana walilijaribu jambo hili kwa njia nyingine. Patrick van Rensburg, aliyekuwa mwanadiplomasia wa Afrika Kusini akajiuzulu kwa kuukataa ubaguzi wa rangi, alifungua shule ya Swaneng Hill huko Serowe mwaka 1963. Aliona watoto wengi wanaomaliza shule ya msingi hawana nafasi ya sekondari, na mwaka 1965 akaanzisha nao kikosi cha ujenzi. Vijana walijifunza uashi kwa kujenga nyumba zilizolipiwa, na mapato ya kazi yakagharimia mafunzo yao. Vikosi vya namna hiyo vikaenea hata katika miji mingine ya nchi ile. Havikuwa peponi, na mwandishi anayevisifu bila kipimo anawadanganya wasomaji wake. Lakini pale kijana alijua tofali limegharimu kiasi gani kabla hajajua litauzwa kiasi gani, na hapo ndipo ninapotaka tuanzie.

Najua kwamba mnao mzigo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari na imelipa somo la biashara uzito ambao halikuwa nao. Ni hatua kubwa. Hofu yangu ni moja. Tunaweza kulifundisha somo la biashara vile vile tulivyofundisha mambo mengi, kwa kunakili ubaoni maana ya soko, aina za soko na umuhimu wa soko, wakati gulio lenyewe linafanyika mita mia tatu kutoka dirishani na hakuna mwanafunzi aliyetumwa kwenda kuandika bei.

Hebu fikirini kuhusu chungwa. Kati ya Handeni na Korogwe barabara kuu inapita mahali panapoitwa Michungwani, na jina linatosha kueleza. Wazazi wa wanafunzi wenu wana michungwa. Wengi wao huuza matunda yangali maua, kwa sababu mgonjwa yuko hospitali au debe la mwisho la mahindi limekwisha. Mnunuzi anakuja, anautazama mti, anataja bei ya mti mzima, analipa, anaondoka. Miezi michache baadaye anarudi na lori na wachumaji wake, na mwenye shamba anasimama pembeni kama mgeni akitazama machungwa yake yakihesabiwa kwenda Dar es Salaam au kuvuka mpaka kwenda Kenya. Mwalimu wa hisabati anayelijua gulio anaweza kulifanya jambo hili kuwa somo la wiki mbili. Wanafunzi wahesabu matunda ya mti mmoja. Waandike bei ya maua, bei ya shambani wakati wa msimu, bei ya kando ya barabara Mkata, na wampigie simu ndugu aliyeko Dar es Salaam awaambie bei ya sokoni huko. Watoe nauli, watoe vibarua, watoe yaliyooza. Kinachobaki ndicho baba alichokiuza kwa mgeni siku ile alipokuwa na shida ya shilingi elfu thelathini. Huenda darasa likagundua kwamba mnunuzi hapati faida nyingi kama tulivyodhani. Hilo nalo ni elimu, maana tumezoea kumwita kila mwenye lori kupe kabla ya kupiga hesabu. Na huenda wakagundua kwamba vijana watano wakiweka pamoja akiba ya mwaka mmoja, wanaweza kuyanunua wenyewe maua ya mti mmoja wa jirani. Hapo biashara imezaliwa, na imezaliwa darasani.

Nimelitaja neno kupe kwa makusudi, kwa sababu kuna ndugu zetu, tena wanachama wa kweli, ambao neno biashara bado linawakwaruza masikioni. Wanauliza: je, tunataka kuwafanya watoto wa Tanzania kuwa wachuuzi? Ni swali la haki na lisidharauliwe. Azimio la Arusha lilikataa mtu kuishi kwa jasho la mwenzake. Halikumkataa mtu anayeishi kwa jasho lake mwenyewe. Kijana aliyechemsha mayai, akayabeba, akayauza kwa bei ambayo abiria ameikubali, amemnyonya nani? Mlanguzi ni yule anayeficha sukari ghalani hadi wananchi waililie. Tukichanganya hao wawili tutakuwa tumemfukuza mwenye beseni na kumwacha mwenye ghala.

Na mara nyingine tumefanya hivyo. Mwaka 1962 Mwalimu aliandika kijitabu kwa wana-TANU alichokiita Tujisahihishe, na mtu wa Chama asiyeweza kutaja makosa yetu hakijui kijitabu hicho. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi. Nia yake ilikuwa kila mwenye nguvu awe na kazi halali, nia njema kabisa katika nchi iliyokuwa imebanwa na upungufu wa kila kitu. Utekelezaji wake mijini ulikuwa ni kukamatana. Mwuza karanga na mpiga rangi viatu asiye na karatasi alihesabiwa kuwa mzururaji, akapakiwa katika gari kurudishwa kijijini. Baadaye siasa ikabadilika, na wachuuzi wakaanza kutambuliwa. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni nne. Mwaka 2021 machinga wa mijini wakahamishwa tena kupelekwa katika maeneo yaliyopangwa, mengine mazuri, mengine mahali ambapo mnunuzi hafiki. Sheria zimepita, lakini mkono uliozoea kupiga teke beseni haustaafu siku sheria inapofutwa. Ndugu watumishi, mnajua ninachokisema.

Katika wilaya hizi mbili tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu, nayo ni historia yetu. Karne ya 19 misafara iliyopanda bonde la mto Pangani ilinunua chakula kwa wenyeji wa huku. Kuuza na kununua si jambo la kigeni hapa. Kisha ukaja mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya Ngombezi, Magunga, Mwelya na Mazinde yakajazwa manamba kutoka kila pembe, na baada ya mwaka 1944 walikuwa wakikusanywa na shirika maalumu la wenye mashamba lililoitwa SILABU. Mtu alipewa kipande chenye siku 30. Asipozitimiza, hana mshahara. Vizazi vitatu hapa vilijifunza kwamba kazi ni kuhesabiwa na mtu mwingine, na kwamba anayeweka hesabu ni karani, na karani ni wa bwana. Mkonge una heshima yake na sisi tumekula kwa mkonge. Ila fikra ile bado tunayo. Mnaiona kila panapotajwa mradi mkubwa: bomba la mafuta kutoka Hoima kwenda Chongoleani lilipopitishwa mwaka 2022, mazungumzo ya vijana katika vijiwe vingi yalikuwa juu ya vibarua wangapi watachukuliwa kambini. Ni wachache waliouliza kambi italisha watu wake kwa mayai ya nani.

Na bodaboda je? Nawaheshimu vijana wa bodaboda, wametuokoa katika usiku mwingi wa wagonjwa. Lakini kijana wa miaka kumi na saba anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine na kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, huyo hana biashara. Tumemrudishia kipande cha babu yake, safari hii kina magurudumu mawili. Anapeleka hesabu kila siku, na hesabu yake mwenyewe hana.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapa ndipo watumishi mnapoulizwa na wananchi na majibu yanakuwa mafupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinakubaliana: mtoto akifika miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala makuzi yake, na isiyomzuia kwenda shule. Kwa hiyo kuuza machungwa siku ya Jumamosi si kosa. Kuuza machungwa Jumanne saa nne asubuhi, wakati wenzake wako darasani, ni kosa, na kosa hilo ni letu watu wazima. Elimu bila ada imefika kidato cha nne tangu mwaka 2016 na kidato cha sita tangu mwaka 2022. Sitaki mtu yeyote atoke humu akisema kwamba mwandishi wa Chama amewaambia wazazi wawatoe watoto shuleni wakachuuze.

Lakini tazameni milango ilivyopangwa. Kitambulisho cha Taifa kinatolewa kwa aliyefika miaka 18. Mkataba unaomfunga mtu kisheria, miaka 18. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo sheria ya mwaka 2018 iliitenga kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, ile iliyosimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na kurejeshwa mwaka 2024, nayo inamhesabu kijana kuanzia miaka 18. Sasa kuna mtoto wa Kwamsisi au wa Magoma aliyemaliza darasa la saba na miaka kumi na minne, hakuendelea, kwa sababu mnazozijua kuliko mimi. Sheria inamruhusu kufanya kazi. Kila mlango wa kuifanya kazi hiyo iwe biashara umefungwa kwa miaka minne. Katika miaka hiyo minne anakutana na nani? Anakutana na mwenye pikipiki. Binti anakutana na yule wa kumdanganya kwa simu. Na atakapofika miaka kumi na minane na mlango wa mkopo ukafunguka, anaingia hajawahi kuandika daftari hata siku moja, anapewa fedha za kikundi, fedha zinapotea, nasi tunaandika katika taarifa kwamba vijana si waaminifu.

Siombi umri wa kukopa upunguzwe. Mtoto wa miaka kumi na mitano mwenye deni ni jambo la kutisha. Naomba miaka hiyo minne iwe miaka ya daftari. Mwalimu mmoja, katika shule moja, anaweza kukaa na vijana kumi na tano Ijumaa baada ya vipindi, wakiwemo wale waliokwisha kumaliza na kukwama kijijini, kila mmoja na daftari la shilingi mia chache lenye safu tatu: kilichotoka, kilichoingia, kilichobaki. Kila mmoja asome ya wiki yake mbele ya wenzake. Anayesukuma mkokoteni wa madumu ya maji pale Chanika asome lake. Anayefuga kuku wa kienyeji asome lake, aseme na vifaranga vilivyochukuliwa na mwewe. Wanaoshindwa waseme walishindwa wapi. Na kama kuna sanduku la akiba, liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake, wa pili kwa mzazi. Mwalimu asiwe na ufunguo. Nisameheni, sikumaanisha ubaya. Nalikumbuka tu lile gari jeupe.

Juu ya mabinti nina neno la pekee. Mvulana wa stendi mara nyingi anauza chake. Msichana mwenye sinia la maandazi au vitumbua anauza cha mama, na faida ikipatikana inanunua sare ya kaka. Sipingi binti kumsaidia mama yake. Nataka jina lake liandikwe juu ya daftari, na sehemu yake ijulikane, hata ikiwa ni andazi moja katika kumi. Na asiuzie stendi jua likizama. Magulio yetu ni ya mchana, yanajulikana siku zake, watu wanafahamiana. Mtendaji wa kijiji akitenga kamba mbili za uwanja kwa ajili ya vijana hao siku ya gulio, mahali pa kivuli karibu na ofisi yake, gharama yake ni vigingi vinne.

Tumefika kwenye ushuru. Tangu mwaka 2017 mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru. Wakulima wengi hawajui, na baadhi ya walioko vizuizini wanapendelea wasijue. Ushuru wa soko ni jambo jingine na halmashauri zinauhitaji. Madarasa hayajengwi kwa maneno. Ila hebu turudi kwa kijana wetu wa mayai. Faida yake ilikuwa shilingi 2,200. Shilingi 500 alizolipa stendi zilikuwa karibu moja ya tano ya kile ambacho angepata asingezilipa. Mtumishi gani humu anakatwa sehemu hiyo katika mshahara wake kabla hajanywa chai, na bila stakabadhi? Madiwani wana uwezo wa kupitisha sheria ndogo. Hawawezi kushindwa kuandika kwamba aliye chini ya miaka 18, mwenye barua ya mwalimu mkuu au ya mtendaji wa kijiji, hatozwi siku za mwisho wa juma na wakati wa likizo. Hasara ya mapato itakuwa ndogo, na barua hiyo itampa mwalimu mkuu nguvu ambayo leo hana: asiyehudhuria darasa, barua yake inachukuliwa.

Kuhusu ujuzi, vyombo tunavyo, tena tumevijenga wenyewe. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa kazi hii hasa ya viwanda vidogo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza miaka ile ile ya sabini, na Handeni kipo kimoja. Korogwe mna chuo cha ualimu kinachotoa walimu kwa nchi nzima. Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha bila kukanyaga gulio hata mara moja atakwenda kunakili ubaoni aina za soko, kama nilivyosema. Wakuu wa vyombo hivi vitatu wanaweza kukutana kwa nauli ya Korogwe na Handeni, kilomita 65 za lami.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Pale Mkata nilinunua machungwa sita, na kijana aliyeniuzia alipoulizwa anayanunua kwa bei gani alicheka, akasema anachukua tu kwa mjomba. Basi likaondoka kabla sijamuuliza mjomba anamwandika wapi. Nimeambiwa tunayo saa moja ya maswali. Ningeomba wa kwanza awe ndugu yangu wa idara ya biashara, ambaye nimemwona akitikisa kichwa tangu nilipotaja ushuru.